Misiba Kwanza, Fursa Baadaye

Mkutubi alianza na misiba. Kila Ijumaa alasiri, jua likiwa bado kali juu ya mabati, alitoka nyuma ya meza ya kuazimia vitabu, akavuta mtandio ukakaa sawa mabegani, akakohoa kidogo na kusema, "Kaeni. Misiba kwanza." Hapo hata aliyekuwa anafungua soda aliiacha ilivyo.

Tulikuwa wanafunzi wa uzamili, watu wazima na familia zetu, tunasoma shahada ya fikra bunifu katika tawi dogo la chuo pale Shinyanga mjini. Watu walitucheka sana kwa jina la hiyo shahada. Shemeji yangu aliniuliza kama huko chuoni wananifundisha kuota ndoto. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari Kahama, naishi Nyasubi na mwanangu Neema, na kila Ijumaa niliomba ruhusa mapema, nikapanda basi la Shinyanga na madaftari ya wanafunzi wangu mapajani. Maktaba yetu ilikuwa vyumba viwili vilivyofanywa kimoja kwa kubomoa ukuta, na ukimwona Mkutubi anavyotembea humo ndani ungedhani ukuta ameubomoa yeye. Jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni. Hakuna aliyelitumia. Mbele yake tulimwita Mama, na nyuma yake Mkutubi, na nimeshazoea hivyo, siwezi tena kumwita vingine.

Baada ya misiba alisoma wagonjwa. Kisha harusi, watoto waliozaliwa, waliopata kazi, waliohamishwa. Mbuzi wa jirani wa chuo, aliyekuwa na tabia ya kupotea, alitajwa mara nyingi kuliko mkuu wa tawi. Mwisho kabisa ndipo zilipokuja fursa: ufadhili wa masomo, semina za kuandika miradi, mashindano ya ubunifu, makongamano ya watafiti vijana, nafasi za kujitolea. Yeye alitamka "fulusa", Kisukuma kikiwa kimekaa katikati ya ulimi wake. Tulimwiga akiwa hayupo, tukacheka, na mwisho wa yote tukajikuta na sisi tunaita fulusa.

Kundi la WhatsApp lilikuwapo. Habari nyingi alizozisoma zilikuwa zimeshafika kwenye simu zetu tangu Jumatano. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, mgeni wa taratibu, aliwahi kumwambia, "Mama, si utume tu kwenye kundi tusome wenyewe? Tungeokoa muda."

Mkutubi alimtazama kwa muda mpaka kijana akaanza kujikuna shingo. "Kwenye simu mtu anasoma peke yake," alimjibu. "Sasa ukisoma msiba wako peke yako, nani akushike? Hiyo simu?"

Ukali huo ulikuwa na chanzo chake. Kabla ya vitabu, Mkutubi aliuza uji machimboni, upande wa Geita. Wakati huo alikuwa msichana mwenye darasa la kutosha kusoma bila kugugumia, na katika machimbo yale hilo lilitosha kumfanya mtu wa maana. Wachimbaji walimletea barua, na baadaye simu zao, awasomee habari za nyumbani. Alisoma kwa sauti, amesimama, sufuria la uji likichemka pembeni, na wenzake yule mchimbaji wakisikiliza ili habari ikiwa nzito wawepo.

Huko ndiko alikojifunzia sheria yake. Machimboni shimo refu la dhahabu wanaliita duara, na mchimbaji hushuka humo kwa kamba akiwa hajui kwa hakika kama atapanda. Mkutubi alitusimulia kwamba mtu akiwa na msiba nyumbani, hata iweje, aliambiwa kabla hajashuka. "Utamwachaje mtu ashuke duarani na kilio chake kiko juu kinamsubiri?" alituuliza. "Akibaki huko chini je? Atakuwa amekufa hajamlilia mamake." Akishaambiwa, mchimbaji mwenyewe aliamua kama anashuka au anakwenda kwao. Walikuwapo walioshuka. Lakini waliamua wenyewe.

Sijui kama niliwahi kukutana na mtu mwenye mambo yanayogongana kama yale. Tulikuwa tunasoma fikra bunifu, tunaambiwa na wahadhiri tugeuze kila kitu chini juu ili tukione upya, na hapohapo katika maktaba yake huwezi kusogeza kiti. Alikuwa ameweka alama za chaki sakafuni, kila mguu wa kiti na alama yake. Alichukia kelele kwa moyo wote, lakini chai yake aliivuta kwa mlio uliosikika hadi kwenye rafu za mwisho. Alitukaripia kwa kuchelewa, na yeye basi la mwisho la kwenda kwao lilimwacha karibu kila wiki, akalala kwa rafiki yake mwuza vitenge. Kuazima kitabu kwake kulitaka umpe kitambulisho, namba ya mtu wa karibu na ahadi mbele ya mashahidi. Lakini simu, nguo, hata viatu alivyovaa, alitoa bila kuulizwa. Nilipomwambia hilo halina mantiki alinijibu, "Simu inauzwa dukani, Mwalimu. Hicho kitabu walikwisha acha kukichapa."

Alikuwa na neno jingine alilotoka nalo machimboni. Mchanga ulioshaoshwa ukatolewa dhahabu yake hautupwi. Unaitwa marudio. Unarundikwa pembeni, na siku moja anakuja mtu na dawa na subira, anauosha upya, na mara nyingine anapata kuliko aliyetangulia. Basi Mkutubi alifanya vivyo hivyo na maombi yetu yaliyokataliwa. Mtu akipata barua ya "tunasikitika kukufahamisha", hakuruhusiwa kuifuta. "Lete marudio," alisema, na Jumamosi asubuhi tulikaa watu wanne watano kuzunguka ombi lililokufa, tukilisoma mstari kwa mstari. Hakuuliza wapi limekosewa. Aliuliza, "Humu kumebaki nini?"

Langu mimi lilikataliwa kwa maneno ya adabu sana. Nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa kuhusu pumba za mpunga, kwa kuwa Kahama pumba zimejaa kila mashine, na nilitaka wanafunzi wangu wabuni vitu vya kutengeneza kutokana nazo. Mkutubi alisikiliza yote, chai inamlia mdomoni, halafu akaweka kidole kwenye sentensi moja niliyoitupia mwishoni, kuhusu msichana wa kidato cha pili aliyejaribu kutengeneza chaki kwa majivu ya pumba ikamvunjikia mkononi. "Huyu hapa," alisema. "Andika habari za huyu. Hayo mengine ni mchanga." Niliandika habari za huyu. Ndilo ombi langu la kwanza kukubaliwa maishani, na yule msichana sasa ana mtoto na bado akinikuta sokoni ananikumbusha ile chaki.

Jambo lake kubwa zaidi, lile linaloniuma kulikumbuka, lilikuwa namna alivyosoma fursa. Tangazo linaposema "wahitimu wote wenye sifa mnakaribishwa kuomba", yeye hiyo sehemu aliiruka. Alimaliza kusoma, akashusha karatasi, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akataja jina. "Hii ya Sikujua," na Sikujua, dada wa darasa letu, akainua kichwa. "Hii ya Mwalimu," yaani mimi. Kuanzia hapo fursa ile ilikuwa na mwenyewe. Wengine hatukushindana naye. Tulimsaidia: huyu anamsahihishia Kiingereza, yule anamwazima koti la usaili, mwingine anamsindikiza stendi. Wapo waliosema si haki, na huenda ilikuwa si haki. Lakini ukishaitwa jina lako mbele za watu namna ile, na mtu asiyekuwa na sababu ya kukubembeleza, unaanza kuamini kwamba kweli kuna kitu huko duniani kimekaa kinakungoja wewe.

Jina lililotajwa kuliko yote lilikuwa la Masanja.

Masanja alikuwa mtoto wa mchimbaji almasi wa Maganzo, mtoto wa kwanza, mrefu, mpole, mwenye kicheko cha kuchelewa, yaani sisi tumeshamaliza kucheka ndipo yeye anaanza. Baba yake alikuwa amechimba changarawe maisha yake yote akipata kidogo na kukosa zaidi, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Masanja alichobuni kilikuwa karata. Aliona wachimbaji wakisubiri zamu zao wanacheza karata tu, basi akachora seti yake mwenyewe ambayo ndani yake kuna ufa, kuna maji yanayovuja, kuna nguzo inayolia, kuna vumbi linalodondoka bila upepo, dalili zote za duara linalotaka kuanguka. Ukiwa hujui dalili zinavyofuatana huwezi kushinda. Tulizicheza maktabani, na Mkutubi, mwenye kuchukia kelele, ndiye aliyepiga meza kwa kiganja akishinda.

Alimpenda yule kijana. Sitazunguka maneno. Yeye hakujaliwa mtoto, na Masanja alimpenda vilevile, akimbebea mkoba, akimtania kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, alimsalimu kila Jumamosi, naye aliitikia huku amekunja uso ili tusione alivyofurahi.

Ikaja fursa kubwa. Ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo, kwa watu wanaobuni njia mpya za kufundisha. Mkutubi aliisoma mpaka mwisho, akashusha karatasi, na safari hii hakutuangalia wengine. "Hii ya Masanja," alisema. Tulimsaidia wote. Ombi lilipita, akaitwa Dar es Salaam kwa usaili, siku ya Jumatatu. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo na kuzima, kwa hiyo Mkutubi alimpa ya kwake ndogo, yenye laini ambayo namba yake alikuwa nayo yeye peke yake.

Ijumaa ile, kabla ya kusomewa habari, simu kubwa ya Mkutubi iliita. Alikuwa baba mdogo wa Masanja, kutoka Maganzo. Alikuwa amempigia Masanja hampati, na kule kwao kila mtu alikuwa na namba hiyo kama namba ya maktaba. Baba yake Masanja amefariki. Wanazika kesho.

Mkutubi alimwambia, "Pole, baba. Nitamwambia."

Kisha alitoka nyuma ya meza, akavuta mtandio, akakohoa. Masanja alikuwa amekaa kiti cha mbele, suruali yake ya usaili imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki miguuni. Na Mkutubi akasema, "Leo naanza na fulusa. Masanja anasafiri alfajiri. Tumwombee." Tulishangaa kidogo, tukadhani ni furaha. Tulipiga makofi. Alipofika kwenye misiba alisema, "Wiki hii hakuna," akakaa.

Nataka niseme kitu hapa, kwa sababu wapo waliomhukumu. Kwetu hivi ndivyo tunavyofanya. Mtoto akiwa kwenye mtihani wa taifa, mzazi wake akifa, mwalimu wa zamu anaambiwa, matroni anaambiwa, hadi mpishi anaambiwa, na mtoto anaachwa amalize karatasi ya mwisho. Mimi mwenyewe nimemficha mwanafunzi msiba wake. Mtu akiwa safarini tunamwambia mama yako anaumwa kidogo, wahi. Tunaona ndiyo huruma. Mtu mwingine yeyote pale maktabani angefanya kama yeye, isipokuwa huyo mwingine yeyote asingekuwa na ile sheria ya duara.

Masanja alisafiri. Maganzo walimngoja. Baba mdogo alikuwa amewaambia watu kijana ameshapewa habari, yuko njiani, kwa hiyo kila gari lililosimama barabarani waligeuka kutazama. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayeanza kutia udongo kaburini. Walisubiri mpaka jua likawa linazama, kisha wakamsukuma mbele mdogo wake, aliyekuwa bado anavaa sare ya shule, akatia yeye.

Jumatatu, Masanja alipotoka kwenye usaili, simu ndogo iliita. Mkutubi alimwambia. Sikuwapo, lakini baadaye Mkutubi alinisimulia mwenyewe kwamba kijana hakulia wala hakugomba. Aliuliza, "Mayu, ulijua lini?" Naye akajibu ukweli, "Ijumaa." Simu ikakatika. Ile simu ndogo Masanja aliirudisha kwa basi, kwa kondakta, imefungwa kwenye ile suruali.

Alipata ufadhili. Alikwenda. Hakukanyaga tena maktabani.

Kuanzia hapo Mkutubi aliendelea kusoma habari zetu kila Ijumaa, misiba kwanza, hakukosea tena. Tulipohitimu, mimi nikahamishiwa Chato, huko ziwani, na kila nilipopita Shinyanga nilimpelekea sato wa kukaanga na habari. Masanja na mimi tuliendelea kuongea kwa simu. Mkutubi alijua. Alikula kwanza samaki wake, akanisifia, akanawa mikono, na ndipo akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na yule, amesema kitu?"

"Bado, Mama."

"Haya."

Hakutaka Masanja amshukuru. Hakutaka hata aje. Alitaka aseme neno moja, lolote, liwe tusi. Aliniambia hivyo waziwazi siku moja tukiwa tumekaa kwenye ngazi za maktaba. "Angenitukana, Mwalimu, ningejua yamekwisha. Huyu amekaa na maneno yangu kama amekaa na kitabu changu. Sijui atarudisha lini." Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke, watu wanapita.

Nilimpigia Masanja nikamweleza. Alikuwa amesharudi nchini wakati huo, anafundisha chuo kimoja Dodoma, ameoa, karata zake zimechapishwa na zinachezwa mpaka machimbo ya Geita. Alinisikiliza kwa heshima kama kawaida yake. "Mama Neema, mie simchukii," alisema. "Muulize mke wangu, namtaja kila siku. Lakini nikimwona yule mama nitaliona kaburi la mzee lilivyofukiwa sipo. Nipe muda kidogo. Nitakwenda mwenyewe."

Huo muda kidogo niliufikisha kwa Mkutubi kama ulivyo. Alifurahi vibaya sana. Aliutaja kwa kila mtu. Alistaafu, akahamia Nyasubi kwa mpwa wake, mitaa michache kutoka nilikokuwa nikikaa zamani, na hata huko aliweka kiti cha wageni kwenye ukumbi mdogo na kumkataza mtu kukisogeza. Mpwa wake, mwanamke mwenye genge la mboga na moyo mzuri, alinionyesha alama za chaki sakafuni. "Shangazi anasema kuna mtu atakuja kukaa hapo," aliniambia. Maktabani kule Shinyanga alikuwa amewekwa mtu mwingine. Habari za Ijumaa hazikusomwa tena. Fursa zote zilikuja kwenye kundi, nyingi kuliko zamani, moja juu ya nyingine, na mtu aliweka kidole gumba halafu akapita.

Mwaka huu uvimbe ulimtokea shingoni, daktari akasema upasuliwe, Mwanza. Siku ilipangwa. Siku moja kabla ya gari kuja kumpeleka asubuhi mapema, mimi nilikuwa Chato, nimepanga kumpigia simu tu kumtakia heri, nilipopigiwa na mdogo wake Masanja. Yule yule aliyetia udongo.

"Mama Neema," alisema, "kaka ametutoka."

Aliugua ghafla, akalazwa, hakuamka. Walikuwa njiani na mwili kutoka Dodoma. Wanazika kesho, Maganzo, pembeni ya mzee.

Nilipanda basi la kwanza lililotokea. Njia nzima, Geita imepita, machimbo yamepita, sikufikiri juu ya Masanja, Mungu anisamehe. Nilifikiri juu ya kiti. Kahama nilishuka, nikaenda Nyasubi kwa miguu.

Mpwa wake alikuwa amesimama gengeni. Alikuwa ameshasikia, habari hizi hazikai. Alinishika mikono yote miwili akanivuta nyuma ya meza ya nyanya. "Dada, nakuomba kwa jina la Mungu. Usimwambie. Daktari amesema presha yake isipande. Apasuliwe kwanza, arudi, tutamwambia taratibu."

"Akiuliza?"

"Mwambie yule kijana anakusalimia. Si dhambi hiyo, dada. Ni huruma."

Nilimwelewa. Nilimwelewa kabisa, na nilisimama pale nikinusa hoho na vitunguu mpaka mteja akaja akataka fungu la mchicha. Mpwa aligeuka kumhudumia, nami nikaingia ndani.

Mkutubi alikuwa amekaa kitandani, amevaa vizuri, begi la hospitali limefungwa tayari miguuni. Shingo ilikuwa imemvimba upande mmoja na sauti yake, ile sauti, ilikuwa imebaki ya kukwaruza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Leo huna samaki."

"Sina, Mama."

Alinitazama. Nadhani alijua hapo hapo, maana sikuwahi kwenda kwake mikono mitupu. Alisogeza begi kwa mguu. "Kesho nashushwa," alisema. "Wananilaza, wananiziba pua, nashuka. Sijui kama nitapanda. Basi nisomee habari kabla. Simama, husomi umekaa."

Nilisimama. Nikavuta mtandio wangu bila kujua kwamba nauvuta.

"Misiba kwanza," alisema.

Nikamwambia. Nilitaja jina lote, la kwake na la baba yake, nikasema amefariki wapi na anazikwa wapi na lini, kama alivyokuwa akitusomea. 

Mkutubi hakupiga kelele. Aliweka viganja magotini. Nje mpwa wake alikuwa anabishana na mteja kuhusu chenji. "Gashi," alisema mwisho, neno la kwao la mtu anayegundua jambo. "Gashi amekwenda kwa babake kabla ya kuja kwangu." Kisha akauliza, "Na wewe umejua lini?"

"Leo asubuhi, Mama."

"Na leo umeniambia." Alitikisa kichwa polepole, machozi yanashuka yanapita kwenye ule uvimbe. "Umeniacha nichague. Mimi sikumwacha." Alisema hivyo tena, kwa chini, na mara ya tatu ilikuwa midomo tu. Nilikaa pembeni yake nikamshika. Alikuwa mwepesi, na mimi nilikuwa nalia kuliko yeye.

Mpwa aliingia, akatuona, akaweka mikono kichwani. Mkutubi alimwambia apige simu Mwanza, awaambie mgonjwa hatakuja kesho, atakuja siku nyingine wakimpokea. "Kesho niko Maganzo," alisema. "Hata wakinikataza kusogea karibu, nitasimama barabarani. Nitasimama pale walipomngoja." Mpwa alianza kubisha, kisha akaona uso wake, akaenda kutafuta simu.

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, lakini alinigusa mkono. "Hujamaliza kusoma."

"Mama, yatosha."

"Maliza. Watu hawatoki na msiba peke yake."

Sikuwa na kitu cha kusoma. Nikafungua simu, kundi letu la zamani la wanafunzi wa uzamili, na chini kabisa, baada ya mlolongo wa pole na rambirambi, mtu alikuwa ameweka tangazo la siku hiyo bila kufikiri, kama wanavyoweka. Nilisimama nikalisoma kwa sauti. Semina ya wahitimu wa fikra bunifu. Wanatafutwa wanaobuni michezo ya kufundishia usalama kazini, hasa migodini. Nauli na malazi vitagharimiwa. Wenye sifa wote mnakaribishwa kuomba.

Nilishusha simu. Mkutubi alikuwa amefumba macho, anasikiliza kama alivyosikiliza siku zote, kichwa kimeinama upande. Alikuwa akitafuta, kama anatutazama tena mmoja mmoja, viti vyote vikiwa kwenye alama zake.

"Hiyo ya Masanja," alisema.

Kisha akafumbua macho, akaniomba nimtolee kitenge cheusi kwenye begi.